Mwanamke Aliyeruhusiwa Kugeuka

Katika nchi ya Tuamo hakuna anayegeuka. Ukimwita mtu kwa nyuma, anasimama papo hapo, uso wake ukiwa kulekule ulikokuwa unaelekea, na anasubiri. Wewe uliyeita ndiye unayetakiwa kutembea, umzunguke, uje umsimamie mbele, ndipo muongee. Kwa hiyo mitaa ya nchi ile imejaa watu wanaozungukana kimyakimya, na mgeni anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ameingia mji wa viziwi.

Shaweji, fundi baiskeli wa Kibaoni, mzee wa ndevu nyeupe na magoti mabovu, alidhani hivyo. Alivyofika huko si habari ya kusimuliwa; njia zote za kwenda Tuamo ni mteremko, na anayezipita hazikumbuki. Alimwona mwanamke mbele yake, amevaa fulana ya buluu yenye maandishi mgongoni, akamwita amuulize njia. Mwanamke akasimama. Watu wengine waliokuwa karibu, ambao hakuwaita, nao wakasimama, migongo yao yote imemwelekea, wakisubiri kujua ni nani kati yao anayetakiwa. Upepo ukawapeperusha nguo. Hakuna aliyetikisa hata ukucha.

"Zunguka, mzee wangu," alisema yule mwanamke akiwa amempa mgongo. "Miguu si unayo?"

Akazunguka. Alikuta uso wa kawaida kabisa, wa mtu wa makamo, mchangamfu. Akajitambulisha kuwa ni Bi Staajabu, mpokeaji wageni wa Jumuiya ya Kuhifadhi Nyakati Tukufu za Sinema. Maandishi ya fulana yalisema kwamba Jumuiya haitafuti faida, na katika yote ambayo Shaweji aliyashuhudia baadaye, hakumwona hata mtu mmoja aliyeipata.

"Mbona hamgeuki?" Shaweji aliuliza.

"Kugeuka ni mali ya Jumuiya. Yuko mwanamke mmoja tu nchini aliyeruhusiwa kugeuka, naye anageuka kwa niaba yetu sote."

Shaweji akamsogelea. "Ana shingo ndefu?"

"Kumbe umemwona?"

"Ni dada yangu."

Bi Staajabu akacheka, mkono umefunika mdomo, maana kicheko cha wazi nacho kina mwenyewe. "Kila mgeni husema hivyo, baba. Wengine husema ni mke wao. Alikuja mmoja hapa akasema ni yeye mwenyewe."

Lakini Shaweji hakuwa akisema tu. Zamani, yeye akiwa bado mtoto wa kaptula, watu wa sinema walifika Kibaoni wakitafuta msichana wa kutoka mlangoni. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: mke amechoka na mumewe, anatoka nyumbani, anakwenda zake bila kuangalia nyuma. Walimchagua dada yake, Mwanakheri, kwa sababu ya shingo. Akatoka mlangoni kama walivyomwambia, ila alipofika kizingitini akashika mwimo, shingo ikaanza kugeuka, na mwenye kamera akapiga ukelele wa furaha kama mtu aliyeokota lulu. Sinema ikazunguka dunia. Mwaka uliofuata Mwanakheri akaalikwa Tuamo kwa sherehe fupi, na sherehe ile haijamalizika mpaka leo. Shaweji alikuwapo uani siku ile ya kamera, na alijua shingo ile iligeukia nini. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa mama yao, Bi Mize, alikuwa kitandani, mwili umekwisha hata shuka halionyeshi mwinuko. Hakutaka dawa, hakutaka wa kumsomea dua. "Nenda kamwite dada yako," alimwambia Shaweji. "Mwite tu. Sijapata kumwita Mwanakheri akakataa kuja. Na mimi sijapata kufunga mlango na mtoto yuko nje." Kila mtu Kibaoni alielewa ni mlango gani huo ambao Bi Mize alikuwa anauzuia kwa mguu.

*

Bi Staajabu akamtembeza kwanza, kwa kuwa mgeni wa Tuamo haonyeshwi kitu kabla hajatembezwa. Alimweleza sheria. Mvua ikinyesha hairuhusiwi kulia, kwani kulia mvuani kuna mwenyewe. Kukimbilia gari linaloondoka kuna mwenyewe. Aliyeachwa husimama akalitazama kwa adabu. Kupiga magoti, kuvua pete na kuitupa, kuyafumba macho ya maiti kwa kiganja, vyote vimehifadhiwa, kwa hiyo maiti wa Tuamo huzikwa wakitazama.

"Na nyinyi mmebaki na nini?" Shaweji aliuliza.

"Tumebaki na kazi, baba," alijibu Bi Staajabu kwa fahari. "Warsha, semina, na chai."

Chai yenyewe ilikuwa imewadia. Meza ndefu ilitandikwa kitambaa cheupe, maandazi yamepangwa kama jeshi, kila mtu na chupa yake ya maji ambayo haifungui. Shaweji akakalishwa kando ya mtu mmoja mrefu, mpole, mkaguzi wa Jumuiya, jina lake Bwana Ngoja. Huyu alikuwa na kisa, na wenzake walikuwa wakikisubiri kama watu wanaokijua.

"Nina mtoto wa kiume," alisema Bwana Ngoja, "mtundu kweli kweli. Asubuhi moja kapanda juu ya paa, anafuata tiara yake. Mimi niko chini, namwona. Kakanyaga bati la ukingoni, bati likalegea, mguu ukatoka. Akanyoosha mikono hivi. Jua lilikuwa nyuma yake, na tiara bado iko juu..."

Akanyamaza, uso umejaa nuru. Wenzake wakatikisa vichwa kwa staha.

"Halafu?" Shaweji aliuliza.

Vikombe vikawekwa chini vyote kwa pamoja. Mama mmoja akamziba mwenzake masikio. Bi Staajabu akamfinya Shaweji paja chini ya meza. "Mzee wangu," alinong'ona, "neno hilo hatulisemi mbele za watu."

"Lakini mtoto alianguka au hakuanguka?"

"Sijui," alisema Bwana Ngoja taratibu. "Niliondoka palepale. Sijarudi nyumbani tangu siku hiyo. Ningeharibu."

Kidole chake kilikuwa juu ya kisahani, kikigonga, kikigonga, na mwenyewe alikitazama kama kidole cha mtu mwingine.

Nyuma ya jengo moshi mweusi ulikuwa ukipanda, wenye harufu ya siki na nywele zilizoungua. Shaweji alipouliza ni nini, akaelezwa bila kificho. Sinema yoyote, hata iwe bora vipi, ina punje moja tu. Yaliyotangulia punje hiyo na yaliyoifuata ni makapi. Jumuiya hupepeta, huweka punje, na makapi huyapeleka tanurini. Watu wa tanuri ndio wafanyakazi wake wenye kazi nyingi zaidi, na ndio pekee wanaokwenda kunywa chai wakati wengine wamekwisha. Kisha wote wakasimama, wakaimba wimbo wao, nyuso mbele, bila kutazamana:

Twalilinda lisipite, tukio lililo bora,
Ya nyuma yote tukate, ya mbele yote hasara,
Chozi lisitoke lote, libaki juu ya sura,
Makapi tuyachomeni, punje ibaki milele.

Waliimba vizuri. Hilo ndilo lililomtia Shaweji hofu kuliko moshi.

*

Ndani ya Ukumbi Mkuu alitegemea kuona picha ukutani.

"Picha huchakaa," alisema Bi Staajabu. "Mtu akitunzwa vizuri hachakai."

Pande zote mbili, nyuma ya kamba nyekundu, walikuwa watu. Askari mmoja alikuwa anakaribia kuanguka, amekaribia hivyo hivyo mpaka visigino vyake vimeota vumbi. Bwana na bibi walikuwa wanakaribia kubusiana. Kati ya midomo yao buibui alikuwa ametanda uzi mmoja, na mfagiaji alikuwa akiukata polepole kwa mkasi wa kucha. Msichana alikuwa amefungua kinywa kulia, na kilio hakijatoka. Ukisimama karibu unaisikia pumzi yake inaingia, inaingia, inaingia. Afisa Machozi alipita na kichupa cha dawa ya macho, akiweka tone jipya kwenye kila shavu lililostahili, na kulikinga kwa pamba lisidondoke.

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango uliosimamishwa peke yake, bila nyumba. Mwanakheri alikuwa kizingitini, mkono kwenye mwimo, shingo imegeuka nusu. Alikuwa msichana. Kanga ilikuwa ileile, na kwenye pindo lake kulikuwa na alama ya masizi, ambayo Shaweji aliijua. Yeye aliyekuwa mdogo wake alikuwa sasa na umri wa kuweza kuwa babu yake.

"Dada," alisema.

Macho ya Mwanakheri yalitazama pale yalipokuwa yakitazama.

"Punje haisikii, baba," alisema Bi Staajabu, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa na uchangamfu. "Nimekuwa nikimfuta vumbi tangu nikiwa kigoli. Nimewahi kumsimulia mambo yangu. Haisikii."

*

Kamati ya Kudumu ilikuwa ikiketi palepale, mbele ya mlango ule, kama ilivyoketi kila asubuhi, na hoja ilikuwa ileile ya kila asubuhi: mwanamke wa Geuko anageukia nini? Upande wa kulia wa meza walishikilia kwamba anageukia hofu. Upande wa kushoto walisema mapenzi, na ndoa zilikuwa zimevunjika nchini kwa sababu ya tofauti hiyo. Katikati aliketi Profesa Fasiri, aliyekuwa na vitabu vitatu juu ya kope za Mwanakheri, na yeye alisema ni majuto.

"Tazameni mdomo," alikuwa akisema. "Mdomo huu unajuta. Mtu mwenye hofu hawezi kuwa na mdomo huu."

"Mdomo unapenda," alisema mtu wa kushoto. "Wewe Profesa hujapata kupendwa, utaujulia wapi?"

Mwenyekiti, Mheshimiwa Kikomo, akagonga meza. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kubembeleza, na alipoelezwa haja ya Shaweji alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Mzee wetu, sisi hatumfungi. Angalia, mlango hauna hata komeo. Anaweza kuondoka wakati wowote, akishamaliza kugeuka."

"Na atamaliza lini?"

Wajumbe wakakunja nyuso. Swali lile lilifanana mno na lile neno.

"Mama yetu yuko kitandani," Shaweji akaendelea. "Anamngojea yeye tu."

"Nakusikia. Sasa na wewe nisikie, kwa heshima zote." Kikomo akainama mbele. "Nyinyi mngemfanyia nini? Mngemwoza. Angezaa, angenenepa, angeng'oka meno. Leo angekuwa kikongwe anayelalamikia mgongo, na hakuna mtu duniani angejua kwamba aliwahi kuwa na shingo. Hapa ana umri uleule ambao dunia ilimpenda nao. Niambie, nani kati yetu anampenda zaidi?"

Shaweji aliitazama mikono yake, iliyojaa mafuta ya minyororo ya baiskeli na madoa ya uzee. Alifikiri huenda mtu huyu ana haki, na wazo lile lilikuwa tamu, na utamu wake ndio uliomshtua.

"Lakini ndugu wa damu ni mdau," Mwenyekiti akasema, akitaka kumfariji, "na wadau tunawasikiliza. Familia yenu inasemaje? Anageukia nini?"

"Uji," alisema Shaweji.

Mtu mmoja akakohoa.

"Kulikuwa na chungu cha uji jikoni, pale uani. Mama alikuwa kisimani. Dada aliniachia mwiko nikoroge, wakati yeye anapigwa picha. Mimi nikawa nacheza gololi. Nikasikia harufu, nikamwita, akageuka. Basi. Hakuna lingine."

Kicheko kilipita mezani, viganja vyote vimeziba vinywa, kisha kikakauka. Profesa Fasiri alikuwa amesimama. "Kope hizi," alisema, "kope hizi, bwana, ziligeuzwa na chungu?"

"Na harufu ya moshi."

"Basi na aite," Profesa akamwambia Mwenyekiti. "Aite mbele ya kamati. Tuone kama Punje itatikiswa na upishi. Akishindwa, afungiwe lango la nchi asirudi tena kutukana wafu wetu."

"Hajafa," alisema Shaweji.

"Unajua unachoomba?" Kikomo alimuuliza Shaweji. "Punje ikishajulikana kilichofuata, si punje tena. Ni makapi. Makapi kwetu ni najisi, hatuyagusi kwa mkono wala kuyatazama kwa jicho. Watu wa tanuri huja wakayazoa."

"Hata yakiwa mtu?"

"Haijapata kutokea. Itabidi iundwe kamati ndogo." Akatupia jicho upande wa tanuri. "Lakini watu wa tanuri huwa hawangoji kamati."

Shaweji akamtazama dada yake. Akimwacha, atabaki hivi milele, na mama yao atabaki ameshika mlango mpaka nguvu zimwishe. Akimwita, huenda anamwita motoni. Bi Staajabu, aliyekuwa amesimama kando yake, akasema kwa ncha ya mdomo, macho mbele: "Watu wa tanuri wako kwenye chai."

*

Shaweji akaenda kusimama pale ambapo macho ya Mwanakheri yangefika, lau shingo ingemaliza safari yake. Wafagiaji wakaacha kufagia.

"Dada yangu Mwanakheri," alisema Shaweji. "Mama yetu yu kitandani, na roho imemfika kooni. Mlango hajaufunga kwa ajili yako. Rudi nyumbani, dada yangu."

Sauti ilimtoka nzuri kuliko alivyokusudia, nzito, yenye mtetemo, na ikazunguka ukumbi ikarudi. Akanyoosha mkono bila kujua. Wajumbe wote wakavuta pumzi kwa pamoja, na hakuna aliyeitoa.

Mwanakheri hakutikisika. Lakini Shaweji alihisi ubaridi kwenye nyayo. Ukapanda hadi kwenye vifundo, hadi kwenye magoti, na magoti yaliyomtesa miaka yote yakaacha kuuma. Haukuwa ubaridi mbaya. Ulikuwa kama usingizi wa mchana. Alitaka kuushusha mkono, na mkono haukuona sababu. Kwa pembe ya jicho aliona mtu analeta kamba nyekundu, anaizungusha polepole nyuma yake, na Afisa Machozi anakaribia na kichupa, na nyuso zote za kamati zikimtazama kwa mapenzi ambayo hakuna mtu aliyewahi kumtazama nayo maishani, fundi baiskeli wa Kibaoni.

"Jikune, mzee wangu," sauti ya Bi Staajabu ilimfikia kwa mbali sana. "Jikune haraka."

Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Kidole kimoja, kisha cha pili. Akajikuna tako. Akapiga chafya. Akapenga kamasi kwa upindo wa kanzu na kuutazama upindo wenyewe kuona kilichotoka. Ukumbi ukaguna kwa kinyaa, aliyeleta kamba akarudi nayo, na maumivu ya magoti yakamrudia Shaweji kama ndugu wawili waliopotea.

Hapo akaelewa kosa lake. Alikuwa amemwita kwa heshima, na siku ile hakumwita kwa heshima. Akaweka mikono kiunoni, akabana pua, akatoa sauti ya kitoto kitundu, iliyokatikakatika kwa uzee:

"We Da Mwanakheri wee, uji wako unaungua, na mimi sikorogi ng'o."

Kwanza ikasikika shingo, kama mti mkavu unaopindwa. Vumbi likamdondoka begani. Kisha uso ukaja, wote, mpaka mwisho, na haukuwa na hofu wala mapenzi wala majuto. Ulikuwa uso wa msichana aliyekasirika.

"Si nimekuachia mwiko, mvivu we?"

Makofi ya viganja vinavyoziba macho yalisikika ukumbi mzima. "Makapi," alisema mtu, na wengine wakaitikia, "makapi, makapi." Profesa Fasiri akakaa sakafuni. Mwanakheri alishuka kizingitini, akatazama huku na huko, akamwona mzee mbele yake, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, babu. Hujakiona kitoto kimoja hapa, kinapiga kelele?"

"Marahaba," alisema Shaweji, kwa kuwa hakuna lingine la kujibu. "Ni mimi."

Mwanakheri alimtazama. Alimtazama ndevu, kisha sikio la kushoto, lenye kovu la kuangukia jiwe, ambalo yeye ndiye aliyelifunga kitambaa. Midomo yake ikaanza kucheza. Na hapo Shaweji akaona vidole vya kamati vikiachana kidogo, kidogo tu, na katika kila upenyo jicho. Wale watu walikuwa wanasubiri. Dada na kaka, ujana na uzee, machozi mawili: Jumuiya haikuwa imepata punje kama hiyo tangu kuasisiwa. Kamba nyekundu ilikuwa imeinuliwa tena.

Akamfinya mkono kwa nguvu. "Usilie hapa. Ule uji ulikuwa wa mtama au wa mahindi?"

"Nini?"

"Mtama au mahindi? Mimi nasema mahindi."

"Mahindi yatoke wapi mwezi ule?" alisema Mwanakheri, sauti ikimtetemeka. "Ulikuwa wa mtama."

"Ulikuwa wa mahindi na ulikuwa na mabonge."

"Mabonge unayo wewe kichwani."

Wakatoka hivyo, wakibishana, katikati ya watu waliofumba nyuso, bila kushikana mikono, bila kutazamana. Bi Staajabu alitembea mbele yao mpaka ngazi za ukumbi, akasimama vilevile, mgongo kwao, wakampita. Kila ubishi ulipoishiwa nguvu na kimya kikaanza kuwa kizuri, mmoja wao aliuvunja kwa neno la kipumbavu. Nyuma yao walisikia nyayo za watu wa tanuri, waliomaliza chai. Mwanakheri alitaka kukimbia. Kukimbia kuna mwenyewe. Wakatembea, na watu wa tanuri, ambao nao hawaruhusiwi kukimbia, wakabaki mbali nyuma.

Langoni alikuwa amesimama Bwana Ngoja, uso kwa nchi yake, mgongo kwa lango. Walipompita alisema kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu:

"Halafu?"

Shaweji akasimama. "Halafu nini, bwana?"

"Uji. Uliungua?"

"Uliungua chini. Tukaunywa hivyo hivyo. Mama akatuchapa wote wawili."

Bwana Ngoja alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu kigumu. Kisha wakasikia viatu vyake: kwanza polepole, kisha kwa kasi, kisha mbio, mbio za wazi za mtu mzima kwenye barabara ya Tuamo, kuelekea upande wa nyumba yake, na sauti za watu wakimkemea. Shaweji hakugeuka kumtazama. Kama mtoto alikutwa juu ya paa, au chini, hilo analijua mwenye mtoto.

*

Njia ya kurudi ilikuwa kupanda. Kila walivyopanda, miaka ilimrudia Mwanakheri, si kwa ukatili, bali mmoja mmoja, kama wageni wanaovua viatu mlangoni. Nywele zikaanza kuwa kijivu. Mgongo ukapinda. Jino likatoka, akalitema kiganjani, akalitupa juu kama watoto wanavyotupa. Walipofika mbali vya kutosha walikaa kando ya njia ili walie, kwani sasa waliruhusiwa, na wakakuta kilio kimepoa. Wakanywa maji, wakaendelea.

Bi Mize alimtazama mwanawe, kikongwe aliyesimama mlangoni. Watu wa Kibaoni waliojaa ndani wakangoja, maana walijua kwamba sasa ndipo mlango utakapofungwa.

"Umechelewa," alisema Bi Mize. "Nipe uji."

Akaamka. Akakaa. Akawa anakula.

Lakini Tuamo haimtoki mtu mara moja. Asubuhi nyingine Mwanakheri hufika kizingitini, akashika mwimo, akabaki. Pumzi huingia, haitoki. Ni lazima mtu amwite, na amwite kwa ubaya, ndipo arudi.

Asubuhi moja Shaweji alikuwa jikoni na mwiko, na Mwanakheri alikuwa mlangoni, ameganda hivyo. Jua jipya lilikuwa limemwangukia shingoni, na ilikuwa bado ile shingo. Alipaswa kumwita. Badala yake alifikiri: dakika hii tu, isipite. Dada yangu amerudi, mama yangu yu hai, kuku wanadonoa uani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekufa bado. Kwa nini ipite? Magoti yakaacha kuuma. Mwiko ukasimama kwenye chungu. Moshi mwembamba ukaanza kupanda kati yao, na hakuna aliyeuona.

Kutoka chumbani, kutoka kwenye kifua ambacho hakikuwa na nyama ya kutosha kushika sauti, ikatoka sauti.

"Nyie wazee wajinga, uji unaungua."

Wakageuka wote wawili.